Kujipenda Kunaanza na Kutimiza Neno Lako Mwenyewe

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kisumu, wale siku hizi tunaitwa CHP, nazunguka nyumba za Nyalenda na mkoba wangu wa kupima presha na sukari na malaria, na kitu nakutana nacho kila siku hata kuliko malaria ni watu wamejisahau. Sio wavivu hata kidogo. Ni watu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kufuata samaki Dunga, wanalipia watoto wa dada yao karo, wanachanga kila matanga, wanauguza mama mkwe, halafu ukimuuliza “na wewe mwenyewe uko aje?” anaanza kukueleza vile watoto wako.

Kila mahali mtu anaambiwa ajipende, statasi zimejaa hayo maneno. Shida ni hakuna anayekuonyesha pa kuanzia, na wengi wanaanzia pale pagumu kabisa, wanasimama mbele ya kioo wanajiambia “nakupenda” na moyo unakataa. Na mimi nauelewa huo moyo. Unakataa kwa sababu haukuamini. Umekuwa kama memba wa chama ambaye kila mwezi anasema ataleta mchango na haleti, hata aje amependeza na maneno matamu aje, hakuna mtu anamkopesha. Umejiambia utapumzika Jumapili, hukupumzika. Umejiambia utaenda kuangaliwa lile jino, mwaka umeisha. Kwa hivyo usianze na mapenzi, anza na uaminifu, lipa deni lako kwa nafsi yako kidogo kidogo, na upendo utakuja wenyewe nyuma yake. Hivi ndivyo nimeona ikifanya kazi kwa watu wa hali yetu, wasio na pesa ya spa wala likizo.

Hatua ya kwanza: chagua ahadi moja, iwe ndogo sana

Nikisema ndogo namaanisha ndogo kweli kweli. Sio “nitaanza kukimbia kila asubuhi”. Ni kama kunywa glasi ya maji kabla ya chai. Kupaka mafuta miguu usiku. Kuzima data saa nne. Kula ukiwa umekaa.

Hiyo ya kula ukiwa umekaa niliiona kwa jirani yangu mmoja anauza omena Kibuye. Yeye alikuwa anakula amesimama, mkono mmoja uko kwa sahani, mwingine unapima gorogoro, anameza bila kutafuna kwa sababu kasitoma ameinama anachagua. Tukaongea, akachagua hiyo moja tu, chakula cha mchana atakila akiwa amekaa. Akageuza ndoo ikawa kiti, akaiweka nyuma ya meza yake, na ilipofika saa saba akawaambia watu “nipeni dakika kumi, nakula”. Alikuwa na uhakika wateja wataondoka. Wengine waliondoka kweli, lakini wengi walingoja, mmoja hata akashika kipande cha katoni akamfukuzia nzi. Mauzo hayakupanda kwa sababu ya ile ndoo na sitakudanganya hivyo, lakini alianza kuongea tofauti, akaanza kusema “mimi nataka” na “mimi sitaki”, maneno ambayo sikuwahi kusikia yakitoka kinywani mwake.

Ahadi yako ifunge kwa kitu ambacho tayari unafanya. Ukimaliza kupiga mswaki, unakunywa maji. Ukishafunga mlango wa kibanda, unakaa dakika mbili kabla ya kubeba mizigo. Kichwa hakishiki kitu kinachoelea hewani, kinashika kile kimefungwa kwa kingine. Watafiti wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kuzoea jambo jipya la kila siku, utafiti ukachapishwa 2009, wakaona wengine walizoea kwa siku 18 na wengine wangehitaji mpaka siku 254, na katikati ilikuwa kama siku 66. Kwa hivyo usisikize mtu anayekuambia ni wiki tatu halafu ukifika wiki ya nne bado unajilazimisha unajiona umeshindwa. Na kitu kingine walikiona ambacho ningependa ukishike sana ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Umesahau leo, kesho unaendelea, huna haja ya kungoja Jumatatu ama mwezi mpya.

Ukishindwa siku tatu mfululizo, ahadi ni kubwa, ipunguze. Na usitangaze kwa grupu ya familia, hii ni kati yako na wewe. Ya pili usiongeze mpaka hii ya kwanza ijifanye yenyewe.

Hatua ya pili: jifunze kusikia mwili wako, dakika tano tu

Kuna sheria ya kupima presha ambayo watu wengi hawaijui. Kabla ya kufunga ule mkanda mkononi, mtu anafaa akae kwa kiti chenye mgongo, miguu yote chini bila kukunja mmoja juu ya mwingine, mkono juu ya meza usawa wa moyo, anyamaze dakika tano. Asiongee, asishike simu. Bila hivyo mashine inakupa namba za uongo. Sasa mimi nikiwakalisha watu hivyo naona mambo. Dakika ya kwanza wanahangaika, wanauliza kama imeisha. Ya pili wanaangalia mlango. Halafu kama ya tatu hivi mabega yanashuka, na kuna wengine machozi yanatoka bila sababu wanayoijua, mama mzima, hajaulizwa chochote. Ni kwa sababu kuanzia asubuhi hiyo ndiyo mara ya kwanza amekaa na yeye mwenyewe.

Huhitaji mashine yangu ndio ukae hizo dakika tano. Kaa vile vile. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne pole pole, toa ukihesabu mpaka sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hiyo ndio siri yenyewe, kwa sababu ukitoa pumzi kwa urefu kuna mshipa wa fahamu unashuka kutoka kichwani mpaka kifuani na tumboni na wenyewe ndio unaambia moyo upunguze mbio. Fanya kama mara kumi. Halafu pita mwilini ukiuliza. Taya, nimeyabana? Mabega yako wapi, yamepanda mpaka masikioni? Tumbo, kuna kitu kimejifunga? Mikono, imekunja ngumi? Usirekebishe kitu kwanza, jua tu.

Ukishajua mahali, kipe jina. Hapa ndipo watu wanakwama kwa sababu tumezoea majibu mawili, “niko poa” na “nimechoka”. Mara nyingi “nimechoka” ni nguo tu, ndani yake kuna hasira, ama wivu, ama hofu ya mwenye nyumba, ama huzuni ya mtu tulimzika na hatukupata nafasi ya kumlilia kwa sababu tulikuwa tunapikia wageni. Sema jina lake kwa sauti ndogo. “Nimekasirika.” “Naogopa.” Hisia ikitajwa inapungua nguvu kidogo, na wewe unaanza kujua unashughulika na nini.

Wengine wananiuliza kama hii haigongani na kanisa. Haigongani. Mwaka 1979 mwalimu mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kufundisha wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kukaa na kusikiliza pumzi na mwili, watu waliokuwa na maumivu ya muda mrefu, na alifanya hivyo kama sehemu ya matibabu, haikuwa ibada. Ukitaka kuomba baada yake, omba, wengi wanasema hata sala inatoka ikiwa ya kweli zaidi.

Onyo moja na nalisema kwa uzito. Kama uliona mambo mabaya, na huku kwetu Kisumu na Nakuru wako wengi waliona zile ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, ama ulifanyiwa mabaya ukiwa mtoto, kufunga macho na kunyamaza kunaweza kurudisha yale mambo. Usifunge macho. Angalia kitu, mti, ukuta, sufuria, sikia miguu yako ikigusa sakafu, na ikizidi acha, simama, toka nje. Hujashindwa. Hiyo kazi unaihitaji na mtu pembeni yako, nitafika hapo chini.

Hatua ya tatu: kabla ya kujiita mvivu, nenda upimwe

Hii ni fupi. Huku kwa ziwa malaria ni ya kila siku, na upungufu wa damu uko sana hasa kwa akina mama, na seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pia iko kwetu zaidi ya sehemu nyingi za nchi. Nimeona msichana anajitukana kuwa ni mzembe kumbe damu imeisha mwilini. Pima malaria, damu, sukari, presha. Na usingizi, mtu mzima anahitaji angalau saa saba, ukilala nne kila siku halafu unajiuliza kwa nini hujipendi, jibu la kwanza liko kitandani.

Hatua ya nne: sikiliza unavyojiongelesha

Ukimwaga chai unajiambia nini? Ukituma pesa kwa namba si yako? Wengi wetu jibu ni “mjinga wewe”, na ukisikiliza vizuri hiyo sauti si yako, ni ya mwalimu fulani ama ya shangazi, uliibeba tu ukakua nayo.

Mtafiti anaitwa Kristin Neff alichapisha mwaka 2003 maelezo ya kitu hiki, akakigawa mara tatu, na mimi naona amegusa penyewe. Cha kwanza ni kujihurumia badala ya kujichapa. Cha pili ni kukumbuka hauko peke yako, kwamba kukosea na kuumia ni kwa binadamu wote. Cha tatu ni kuona maumivu yako vile yalivyo, bila kuyaficha na bila kuyafanya makubwa kuliko yalivyo. Cha pili ndicho watu wetu wanasahau zaidi, mtu akianguka biashara anadhani mtaa mzima umesimama na yeye peke yake ndiye yuko chini.

Fanya hivi. Ukijipata umejitukana, simama, rudia ile sentensi neno kwa neno, halafu jiulize kama ungemwambia dada yako mdogo akiwa amekosea hivyo hivyo. Kama huwezi kumwambia yeye, tafuta ile ungemwambia. Halafu jiambie hiyo, na ujiite kwa jina lako, na kama unaweza tumia lugha ile ulibembelezwa nayo ukiwa mtoto, iwe Dholuo ama Kibukusu ama Kimaragoli ama Kikuyu. Maneno ya Kiswahili cha shule ama Kizungu yanaishia kichwani. Ile ya nyanya yako inafika chini.

Najua kuna mtu anasema nikijihurumia nitalegea. Tumelelewa na “jikaze” na kuna mahali imetusaidia, siwezi nikaitupa yote. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, uliochapishwa 2012, ulichukua wanafunzi waliofanya vibaya mtihani mgumu, na wale walioongozwa kujihurumia ndio walikaa wakasoma muda mrefu zaidi kabla ya mtihani wa pili. Mtu akijichapa anatumia nguvu kuuguza kidonda, mtu akijihurumia anabaki na nguvu ya kurudi kazini.

Hatua ya tano: jifunze kutoa jibu kesho

Hapa ndipo mambo yako, na ningeweza kuandika usiku kucha.

Sisi ni watu wa watu na mimi sikubaliani na wale wanasema eti ukitaka amani achana na ndugu zako. Nani atakuzika? Nani alikupeleka shule? Lakini kuna kusaidia kunatoka kwa moyo na kuna kusaidia kunatoka kwa woga, na mwili wako unajua tofauti kabla ya kichwa. Simu ikilia, ukiona jina, tumbo linafanya nini? Kama linajifunga kabla hata hajasema kitu, usijibu ndio hapo hapo. Jibu lako kwa kila ombi la pesa ama la muda liwe moja kwanza: nitakuambia kesho.

Lakini kesho usipotee, hiyo ndiyo sehemu ya uaminifu. Piga wewe. Kwa mkubwa wako sema kwa heshima yake, “Baba mdogo, shikamoo, nimefikiria lile jambo, mwezi huu niko na mia tano na ndiyo nimetuma, nisamehe siwezi zaidi.” Kwa rika lako, “shemeji, hii Jumamosi siwezi kuja kupika, nitakuja Jumapili jioni tuketi na wafiwa.” Halafu nyamaza. Usiongeze hadithi. Ukianza kueleza sana unampa mahali pa kushika.

Usidanganye pia. Usiseme Mpesa imekwama ama uko safarini Nairobi na uko tu hapa Kondele unakula mahindi. Uongo mdogo unaokoa siku lakini unakufundisha wewe mwenyewe kwamba hitaji lako ni kitu cha aibu cha kufichwa, na ndani yako kuna mtu anasikiliza.

Kila mwanzo wa mwezi toa pesa ya michango, kiasi unachoweza, elfu moja, mia tatu, chochote, iweke pembeni. Ikiisha imeisha mpaka mwezi ujao na unasema hivyo bila kuona haya. Na tafadhali, tafadhali usifulize, yaani usikope kwa Mpesa, ili uchange. Nimeona familia zinachanga kwa deni, jina linasomwa kwa kamati watu wanapiga makofi, halafu pesa ya kwanza ikiingia kwa simu inakatwa yote na watoto wanalala na chai.

Watu watakasirika mwanzoni, hasa wale walizoea. Wengine watasema umebadilika ama unaringa. Itauma, na hapo ndipo ile kazi ya pumzi inakusaidia, unakaa na hilo joto la kifua bila kukimbilia kutuma pesa ndio lipoe. Baada ya muda wengi wanaheshimu, kwa sababu ndio yako imeanza kuwa ndio ya kweli.

Hatua ya sita: andika, hata kama utachoma

Mwaka 1986 mtafiti James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio ambapo wanafunzi waliandika juu ya jambo lililowaumiza, dakika 15 kila siku kwa siku nne, na miezi iliyofuata wale walioandika kilichotokea pamoja na walivyojisikia walienda kliniki ya chuo mara chache zaidi. Ujue tu mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kwanza. Na wewe utajisikia hivyo, kwa hivyo usiandike dakika tano kabla ya kwenda kazini.

Chukua daftari la kawaida la shule. Usijali herufi wala lugha. Andika vile inatoka. Najua swali, mnaishi watu sita kwa chumba kimoja, utaficha wapi? Andika karatasi huru, ukimaliza tia kwa jiko. Hakuna anayesema lazima uweke. Kama kuandika si kwako, ongea ukitembea. Nenda Dunga jioni upande wa ziwa, kama uko Nakuru panda upande wa Menengai mchana na mwenzako, walio Kakamega mna msitu mzima hapo. Tembea uongee polepole.

Hatua ya saba: tafuta benchi lako

Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kitu kinaitwa Friendship Bench. Waliweka mabenchi ya mbao karibu na kliniki na wakafundisha wamama wazee wa mtaa kukaa na watu waliolemewa na mawazo, wanasikiliza, wanasaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Matokeo yake yalipimwa vizuri, yakachapishwa 2016, watu walipata nafuu ya kweli. Wamama wazee, jamani, sio mashine wala dawa ya bei.

Sisi hao wamama tunao. Mmoja yuko kwa jumuiya yako, ama kwa chama, ama ni yule jirani anayesikia bila kukatiza na habari yako hujawahi kuisikia ikirudi kupitia mtu mwingine. Hicho cha mwisho ndicho kipimo. Mjaribu na jambo dogo kwanza, ngoja wiki, uone kama limetembea. Likikaa, mpe kubwa kidogo. Imani kwa mtu inajengwa kwa mwendo ule ule wa imani kwa nafsi.

Ikiwa hii yote haitoshi

Kama kwa wiki mbili ama zaidi kila siku huna hamu ya kitu chochote, hulali ama unalala tu, chakula hakiingii, ama unawaza kujiua, usiendelee na mwongozo wangu peke yako, nenda hospitali leo. Shirika la Msalaba Mwekundu Kenya lina laini ya bure, 1199, unapiga unaongea na mtu. Wengine wanaogopa kusema waziwazi kwa sababu ya polisi, kwa hivyo ujue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kile kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na Katiba. Nenda kama mgonjwa mwingine yeyote anavyoenda. Kwa Kisumu nenda hospitali ya Jaramogi, ile wengi wanaita Russia, na kaunti zingine anza na hospitali kubwa ya rufaa. Si lazima ujieleze mbele ya foleni yote. Dirishani sema tu unataka kliniki ya afya ya akili ama kuongea na kaunsela, watakuelekeza mlango. Kama huna nguvu ya kwenda peke yako, muulize CHP wa mtaa wako akusindikize, hiyo ni kazi yetu na tunaenda.